Mjini Unguja: Chakula Kizuri Kina Saa Yake



Mtu wa kwetu Mungaa akitaka kusafiri mbali huuliza mambo matatu: nauli ni kiasi gani, atalala kwa nani, na huko aendako kanisa liko wapi. Juu ya chakula haulizi. Husema, "Nitakula chochote nitakachokikuta." Basi akifika mjini hukuta chipsi na soda karibu na stendi, akala, akalipa, akarudi nyumbani na kusema kwamba amekwisha kuuona mji. Ukimwuliza watu wa huko hula nini, hana jibu.

Mimi nasema mtu huyo hajauona mji. Majumba ya mji waweza kuyaona katika picha, lakini chakula hakiliwi pichani. Katika chakula utajua watu wa mahali pale huamka saa ngapi, huvua nini na kulima nini, walipata wageni kutoka wapi, na mama zao waliwalea vipi. Leo nataka kuwaeleza habari za Mji Mkongwe wa Unguja, na jinsi msafiri wa kijijini mwenye fedha kidogo anavyoweza kupata humo chakula kizuri cha asili, bila kupunjwa, na bila kuwakosea heshima wenyeji.

NJIA YENYEWE

Kutoka Mungaa twaenda kwanza hadi barabara kuu ya Singida na Dodoma, tukapanda basi. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na safari iliyokuwa ikitushindisha ndani ya basi siku nzima imekuwa ya saa chache. Dar es Salaam waingia botini bandarini, na bahari ikiwa shwari wafika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Chukua kitambulisho chako. Asiyezoea bahari asijaze tumbo asubuhi ile, na akae katikati ya chombo ambapo mtikiso ni mdogo.

Mji Mkongwe ni mji wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zimesongamana hata vichochoro vingine watu wawili hupishana kwa shida. Milango yake ya mbao iliyonakshiwa imejulikana dunia nzima, na mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Zishike habari za baraza hizo, maana ndipo chakula kingi kizuri kinapopatikana.

Kisiwa hiki kilipokea watu wengi kwa karne nyingi, na kila mtu alikuja na chungu chake. Pilau, sambusa na bajia zilifika na wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Halua ilitoka Omani. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno. Nazi imezoeleka mwambaoni tangu zamani. Mama wa Unguja alivichukua vyote hivyo, vingi akavitia tui la nazi, na leo mtoto wa Unguja akivila hasemi kwamba anakula chakula cha mgeni. Ni chakula cha kwao.

JIHADHARI NA JINA KUBWA

Mgeni akiteremka bandarini hupokewa na vijana wanaotafuta riziki kwa kuongoza wageni. Wenyeji huwaita mapapasi. Wengine ni vijana wema, lakini papasi hukupeleka mahali atakapopewa chochote kwa kukuleta. Ukimwambia unataka chakula cha asili, huenda akakupeleka penye meza za wageni, ambapo jina la chakula ni kubwa, na bei yake vile vile.

Nitatoa mfano. Katika bustani ya Forodhani, mbele ya bahari, kila jioni wapishi huwasha taa na majiko. Wageni wengi huambiwa kwamba lazima wale kile kiitwacho "Zanzibar pizza". Ni unga uliosukumwa mwembamba, ukatiwa nyama ya kusaga, yai na jibini, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Si kibaya, nami sisemi mtu asile. Lakini ni chakula cha miaka ya karibuni, na bibi wa Unguja hakukipika kwa mumewe wala hakumpikia mtoto mgonjwa. Forodhani penyewe ni pazuri, na wenyeji pia huenda kupunga upepo na kunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Nenda ukatazame. Lakini usidhani kwamba umekwisha kula Unguja.

ALFAJIRI: VITUMBUA

Chakula cha kwanza cha Unguja huliwa mapema. Saa kumi na moja, adhana ikilia na giza lingali vichochoroni, tayari kuna mwanga wa makaa katika milango fulani. Hapo ndipo vitumbua vinapopikwa.

Nilifuata harufu ya iliki, nikamkuta bibi mmoja ameketi mbele ya jiko, na chuma chake chenye mashimo madogo ya mviringo kikichemka mafuta. Watoto wa shule walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na bakuli la kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wewe. Watokea wapi?"

"Natoka Singida, bibi."

"Singida kwenye kuku! Haya, kaa kitako, watoto watangulie wasichelewe shule."

Nikakaa barazani. Watoto walipokwisha nilipewa vitumbua vitano juu ya sahani na kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa nje vilikuwa vimeiva rangi ya asali, na ndani laini kama sponji. Nilimwuliza vinapikwaje. Akacheka kwa kuwa mwanamume anauliza habari za jikoni, lakini akanieleza yote.

Mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Kisha husagwa pamoja na tui zito la nazi, iliki na hamira, hata uwe kama uji mzito. Huachwa uumuke, ndipo hutiwa sukari. Chuma hupashwa moto na kutiwa mafuta kidogo katika kila shimo, uji ukamiminwa, na kitumbua kikishika upande mmoja hugeuzwa kwa kijiti. Ukitumia unga wa dukani badala ya mchele wa kulowekwa, alisema, kitumbua hutoka, lakini huwa kizito na kesho hakiliki. Zamani alisaga kwa jiwe, na sasa anasaga kwa mashine ya umeme, maana mikono imechoka. Lakini kuloweka hakuachi.

"Chuma hichi," akasema, "kimesomesha watoto wanne."

Nikamwuliza nani atakishika baada yake. Akageuza vitumbua vitatu au vinne kabla ya kujibu. Alisema binti zake wana kazi zao, naye anamshukuru Mungu kwa hilo, maana ndilo alilolitaka alipokuwa akiamka usiku. Wajukuu wanakula mikate ya dukani. "Watu wananunua," akasema, "lakini hakuna anayekaa hapa kujifunza."

Saa moja na nusu vitumbua vilikwisha, chuma kikaoshwa na baraza likafagiwa. Mgeni aliyelala hadi saa tatu angepita pale na kuapa kwamba katika kichochoro kile hakuna chakula chochote. Na bei aliyonitoza ilikuwa ile ile ya watoto wa shule.

MCHANA NA JIONI

Mchana waweza kwenda Darajani, penye soko lililojengwa mwaka 1904. Tazama samaki wanavyonadiwa, kisha tafuta mkahawa ambamo wachukuzi na wauza samaki wenyewe wanakula. Humo utapata wali wa nazi na samaki wa kupaka, au mbaazi za nazi. Mahali ambapo mvuvi anakula samaki, mgeni naye ale bila wasiwasi.

Alasiri ni saa ya urojo, na hapa ndipo penye utamu wa mji. Urojo ni mchuzi wa manjano, mzito kidogo, uliopikwa kwa unga na bizari na kutiwa ukali wa embe mbichi au ndimu. Mwuzaji huchukua bakuli, akaweka vipande vya viazi vilivyochemshwa, bajia, kachori, pengine yai na nyama ya mishikaki, akamimina mchuzi wa moto, kisha akatia chatine ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi kavu za muhogo zinazolia meno yakizitafuna. Hivyo katika kijiko kimoja wapata laini na kavu, uchachu na utamu, moto wa jiko na moto wa pilipili.

Mwenzangu mmoja wa safari alipoona bakuli la kwanza alininong'oneza, "Uji huu wa manjano ndio tuliovukia bahari?" Nikanyamaza. Alipomaliza alilipeleka bakuli lake mwenyewe likatiwe la pili.

Kila mtaa una mwuza urojo ambaye watu wa mtaa ule humsifu kuliko wote. Usibishane nao. Tazama tu penye mstari wa wanawake walioshika vibakuli vya kupeleka nyumbani. Mwanamke aliyechoka hasimami mstarini kwa chakula kibaya.

Jua likizama tafuta kahawa. Muuza kahawa hubeba dele lake juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, haina sukari, na huliwa pamoja na kashata. Wazee hukaa barazani wakaongea habari za mpira, za siasa na za wafu wao. Mgeni akisalimu vizuri hupewa nafasi. Mimi nilipata huko habari nyingi za mji kuliko nilizozisoma.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, salamu. Unguja mtu haulizi bei kabla ya kusalimu. Na mwanamke au mwanamume avae nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe.

Pili, baada ya salamu, uliza bei kabla ya kula. Mwenzangu mwingine alikaa usiku kwenye meza mahali fulani, akaagiza hiki na kile bila kuuliza, akadaiwa fedha ambazo kwetu zingenunua kuku wawili. Hakuna mtu wa kumlalamikia, maana alikuwa amekwisha kula.

Tatu, kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Samaki aliyepangwa mezani tangu jua la alasiri, mwache. Maji nunua ya chupa, au yaliyochemshwa.

Nne, kumbuka kwamba watu wa Unguja karibu wote ni Waislamu. Usiulize pombe barazani, wala usiulize kitimoto. Mwezi wa Ramadhani ni marufuku kula hadharani mchana, na mikahawa mingi hufungwa. Sisi tunaofunga Kwaresima tusione hilo kuwa ni mzigo. Kula ndani, kwa siri na kwa heshima, na ngoja magharibi. Wakati huo hutolewa vyakula ambavyo miezi mingine havionekani kwa wingi, na jirani anaweza kukuita futari ingawa hakujui.

Tano, Jumapili usikose Misa. Kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa katika miaka ya 1890, na wenyeji wote huliita Minara Miwili, hata mtoto wa chuo cha Kurani atakuonyesha njia. Mwaka 1860 mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja. Mwaka 1863 Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaichukua kazi ile, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Imani tuliyo nayo huku bara ilipita kwanza katika vichochoro vile.

SWALI LINALOTUHUSU

Desturi hii ya vyakula vidogo vyenye saa yake si ya Unguja tu. Wachina wa kusini, katika miji ya Guangzhou na Hong Kong, huenda asubuhi katika nyumba za chai, wakaletewa vikapu vidogo vyenye maandazi ya kupikwa kwa mvuke, yaliyotiwa kamba au nyama ndani. Huviita dim sum, na maneno hayo maana yake ni kama "kugusa moyo". Wazee huja mapema, kila mmoja ana meza yake, na chai humiminwa kwanza kwa mwingine kabla ya kujimiminia. Kila taifa lililotulia mahali limejaliwa chakula cha namna hiyo, na kila taifa lina wasiwasi ule ule wa bibi wa vitumbua: nani atakaa hapa kujifunza?

Basi nageuza swali. Mgeni akitoka Unguja akafika Mungaa, akatusalimu vizuri, akasema, "Nataka chakula cha kwenu hasa," tutampeleka wapi?

Tuseme kweli. Wengi wetu tutampeleka sentani akale chipsi mayai, au tutakopa fedha tununue mchele na soda, tuone kwamba tumemheshimu. Ugali wa uwele tutaufunika jikoni. Mlenda tutaona haya hata kuutaja. Na deni lile la mchele tutalilipa mwezi mzima.

Kwa nini tuone haya? Nchi yetu ya Singida hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, tena si nyingi, na miaka mingine mahindi hukauka yakiwa hayajatoa mbelewele. Uwele husimama. Ndio uliowavusha babu zetu katika miaka ya njaa. Wataalamu wa lishe wanatuambia kwamba una madini ya chuma mengi kuliko mahindi, yale yanayojenga damu, na akina mama wajawazito wanayahitaji sana. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii hii, uwele, mtama na ulezi, ili dunia izikumbuke. Dunia inazikumbuka, nasi tuliozaliwa nazo tunazificha!

Na vitoweo tunavyo. Tunayo majani ya mlenda yanayokaushwa na kutwangwa yakangojea kiangazi. Tunayo maziwa ya mgando, asali, na mafuta ya alizeti tunayokamua wenyewe. Kuku wetu ni yule ambaye bibi wa Unguja, asiyepata kuiona Singida, alimtaja mara aliposikia jina la mkoa. Lakini hayo yote yana mikono inayoyajua, na mikono hiyo ni ya akina mama wazee. Kuchambua uwele, kuukoboa na kuusaga usiwe mchungu ni ufundi, na kuusonga usibakie madonge ni ufundi mwingine. Mama mzee akifa kabla binti hajajifunza, ufundi ule huzikwa naye.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu mambo mawili. La kwanza, kila nyumba ichague siku moja katika juma, binti na kijana wa kiume pia wakae jikoni pamoja na bibi, wajifunze kwa mikono. Vijana wetu wataishi mijini wakiwa peke yao, na mwanamume asiyejua kupika huko hula vibaya na kwa gharama. La pili, tukiwa na sikukuu ya parokia, katika meza ya wageni pawepo na ugali wa uwele na mlenda, mbele kabisa, si pembeni. Askofu naye alizaliwa na mama, atakula. Na mgeni asiyeuzoea tumweleze kwa furaha jinsi ulivyopikwa, kama mimi nilivyoelezwa barazani.

Anayekwenda Unguja namtakia bahari shwari, naye aamke mapema. Na anayebaki nyumbani, mgeni akipiga hodi, aweke mezani kile alichokipika mama yake. Mungu awabariki nyote, safarini na mezani.